Kisahani cha Ishirini na Moja

Mume wangu aliacha pombe bila kuokoka, na hapo ndipo nilipoanza kumshuku.

Nieleze vizuri, maana si kila anayesoma haya amewahi kuishi Mbotela. Katika mtaa wetu mwanamume aliacha pombe kwa sababu tatu: ameokoka, daktari amemtisha, au mfuko umetoboka. Wangu hakuwa ameokoka. Jumapili alitusindikiza mimi na watoto hadi mlango wa kanisa, kisha akageuka akaenda zake. Hakuwa mgonjwa, na mshahara ulikuwa ule ule. Lakini Jumamosi moja rafiki zake walimpitia waende soko la Burma kula nyama na kushushia kama kawaida yao, naye akasimama mlangoni akawaambia, "Nendeni tu. Mimi siku hizi natunza macho." Walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi nilikuwa pale ndani nachambua mchele, na sikucheka. Nilijiuliza anayatunza kwa ajili ya nani.

Leo najua, na sina haja ya kumzungusha msomaji. Mume wangu aliniambia tulipooana kwamba anakata nyasi kwenye klabu moja ya matajiri ng'ambo ya mji, na kweli nyasi alikata. Alichonificha ni kwamba klabu yenyewe ilikuwa ya kulenga shabaha. Wenye pesa zao walikuja mwisho wa juma na bunduki, mashine ikarusha angani kisahani cha lami na chokaa, kipana kiasi cha kuwekea kikombe cha chai, nao wakakipiga kikapasuka vipande vipande. Siku za kulenga mume wangu hakuwa kwenye nyasi. Alikuwa ndani ya shimo la saruji mbele ya walengaji, akiilisha ile mashine visahani tangu asubuhi hadi jioni, risasi zikipita juu yake. Mkono wa mashine ile ulikuwa umeshamvunja mwenzake kiganja. Na mlio wa bunduki, ukiingia mle shimoni, ulikuwa ukimla masikio polepole.

Mara moja kwa mwaka wafanyakazi walipewa siku yao ya kulenga. Mwaka huo mkufunzi alitangaza kwamba anahitaji msaidizi, na kwamba atamchukua mfanyakazi atakayevunja visahani ishirini kati ya ishirini na tano. Msaidizi hakai shimoni. Anasimama juu, penye hewa, anafundisha watu. Mume wangu alikuwa na wiki sita za kujitayarisha, hana bunduki, hana risasi hata moja ya kufanyia mazoezi. Alikuwa na macho yake na kichwa chake, na chumba chetu kimoja cha baraza la jiji.

Kwa nini hakuniambia? Kwa sababu meneja aliwaonya wote waliotoka mitaa ya Eastlands kama wetu. Ukisema mtaani unafanya kazi penye bunduki, kuna watakaokufuata hadi mlangoni kwako wakuulize zinafungiwa wapi. Miaka ile ya tisini onyo hilo halikuwa mchezo. Kila wiki tulisikia nyumba iliyoingiliwa. Basi akafunga mdomo. Mimi nikaachiwa kazi ya kukisia, na kukisia ni kazi ninayoiweza sana.

Kazi yangu nyingine ilikuwa macho. Nilifanya kazi kwenye banda la wachongaji nyuma ya soko la Gikomba, wengi wao watu wa kwetu Ukambani. Wanaume walichonga, sisi wanawake tukapiga msasa na kupaka rangi ya viatu ili mti ung'ae. Mimi nilipewa twiga, swala na simba niwatie macho kwa ncha ya waya uliokolezwa kwenye makaa. Nukta moja huku, nukta moja kule. Ukikosea kwa unene wa ukucha, swala anatoka na kengeza na hakuna mtalii atakayemtazama mara mbili. Kwa hiyo niliyajua macho. Niliweza kukuambia mtu anatazama nini hata kama amegeukia ukuta.

Na wangu alikuwa amegeukia ukuta, kwa hakika. Jioni akitoka kazini alioga, akavuta kigoda, akaketi mbele ya ukuta mtupu. Kichwa hakikusogea. Macho yalikuwa yamelegea, hayatazami popote, kisha ghafla yalikimbia kutoka pembe moja hadi nyingine na kukwama kwenye msumari tuliotundikia kalenda. Yanatulia, yanalegea, yanakimbia tena. Nikamuuliza, "Baba watoto, unatafuta nini hapo ukutani?" Akasema, "Napumzika." Mtu gani hupumzika huku jasho linamtoka puani?

Baada ya ukuta alifumba macho. Hili ndilo lililonichoma zaidi. Alikaa amefumba, mikono juu ya magoti, kidole kimoja kikigonga goti taratibu, midomo ikitamka kitu kisichosikika. Anavuta pumzi, anaitoa nusu. Halafu anatabasamu. Pumzi nyingine, na tabasamu jingine. Mara chache alikunja uso na kutikisa kichwa, akaanza upya. Nilihesabu matabasamu kumi na tisa jioni moja, sufuria ya maharagwe ikiungua mbele yangu. Mwanamume anayetabasamu mara kumi na tisa macho yamefumba hafikirii nyasi.

Kwenye banda nilimweleza mwenzangu wa msasa, mama mmoja mwenye ulimi mkali aliyeachwa na waume wawili na kujiita profesa wa somo hilo. Alisikiliza bila kuinua macho kutoka kwenye mgongo wa kifaru.

"Anaoga kabla ya kukaa?" akauliza.

"Anaoga."

"Anapaka mafuta?"

"Anapaka."

"Mama, huyo ako na mtu," akasema, akapuliza vumbi la mti. "Na huyo mtu si wa mbali. Wa mbali huwa hawaogewi kila siku."

Sikutaka kumwamini. Lakini niliporudi nyumbani jioni hiyo nilianza kuangalia nani yuko karibu.

Mkabala na mlango wetu, ng'ambo ya bomba la maji la pamoja, aliishi mjane mmoja mwenye umri kama wangu, mcheshi, mwenye leso ya bluu aliyoipenda kuliko nguo zake zote. Ukutani kando ya mlango wake palikuwa na msumari, na kwenye msumari alitundika beseni la bluu. Asubuhi ya siku ya pili nilitoka kumwaga maji machafu, nikamkuta mume wangu kwenye kizingiti chetu. Alikuwa amenyoosha mkono kuelekea kwa mjane, kidole cha shahada kimesimama. Akafumba jicho la kushoto. Akalifungua. Akafumba la kulia. Akalifungua. Na mjane alikuwa pale pale mlangoni pake, ufagio mkononi, anacheka mpaka meno ya nyuma yanaonekana.

Maji niliyamwaga karibu na miguu yake. "Samahani," nikasema, kwa sauti isiyokuwa na samahani yoyote.

Baadaye alinieleza. Mkufunzi aliwafundisha kwamba kila mtu ana jicho moja linaloongoza jingine, na mlengaji asipojua ni lipi atapiga hewa maisha yake yote. Unanyooshea kidole kitu cha mbali, unafumba jicho moja baada ya jingine, unaona ni lipi linalokibakiza kidole mahali pake. Yeye aliegemeza bunduki bega la kulia, na akichoka, jicho lake la kushoto lilipenda kujitia mbele. Kwa hiyo alihakiki kila asubuhi. Na kutoka kwenye kizingiti chetu, kitu cha duara kilichoonekana vizuri kilikuwa kimoja tu, beseni la jirani.

Lakini mimi nilijua nini wakati huo? Nilichoona ni kidole na jicho. Mjane naye hakunisaidia. Alikuja kuomba chumvi Jumatano, akaegemea mlango, akasema kwa kicheko, "Mama watoto, mwambie mzee wako hilo jicho litamgandia siku moja." Nilimpa chumvi. Nyingine niliimwaga chini.

Ndipo nikaanza upekuzi. Sioni haya kusema, wakati huo nilijiona mwenye haki zote. Nilipekua mifuko ya suruali, nikapekua soli za viatu, nikapekua mto. Chini ya kitanda nilivuta ufagio wa mpini mrefu, na kidole changu kikasimama chenyewe. Miaka minane ya msasa hainidanganyi. Mpini ule ulikuwa mbaya, wa kukwaruza, isipokuwa mahali pamoja kwenye urefu wa shavu la mtu, ambapo ulikuwa laini kuliko kazi yangu yoyote. Nikanusa. Ilikuwa harufu ya mafuta yake ya kupaka usoni. Mume wangu alikuwa akiuweka shavuni mpini wa ufagio mara nyingi kiasi cha kuung'arisha. Nilikaa kitandani nikiushika na nikaogopa kweli. Habari ya mwanamke mwingine niliielewa. Hii sikuielewa kabisa.

Nyuma ya ufagio kulikuwa na kitu kimefungwa kwenye gazeti. Kisahani. Cheusi, kimepakwa rangi ya chungwa upande wa juu, na duara ndani ya duara, duara ndani ya duara. Hakikuwa cha kulia wala cha kunywea. Kilikuwa kizito kuliko kilivyoonekana na kilinuka lami. Kwetu sisi watu wa kanisa kitu cha namna ile chini ya kitanda kina jina moja, na ni la uganga. Huyu mtu alikuwa amekwenda kwa mganga kwa ajili ya yule wa beseni la bluu.

Sikungoja. Niliwasha jiko pale mlangoni, nikaomba kwa sauti, nikakitia kwenye makaa.

Msomaji, usifanye hivyo. Kitu kile kilianza kulia na kuyeyuka, kikatoa moshi mweusi mzito ulionata kwenye koo. Majirani walitoka nje na vitambaa puani. Mzee mmoja wa nyumba ya pili aliuliza kama nachoma tairi. Mtoto wetu wa pili, aliyekuwa na pumu, alianza kukohoa, na nilimbeba mbio hadi barabarani apate hewa. Mara mbili mwaka huo tulikuwa tumemkimbiza zahanati kwa ajili ya kifua chake, na mara zote mbili baba yake ndiye aliyekimbia mbele, hana viatu. Siku ile kifua kilitulia chenyewe. Nilishukuru Mungu, na nikahesabu hata huo moshi kama kosa la mume wangu.

Jioni nilimtazama akiinama chini ya kitanda. Mkono ukapapasa. Ukaenda mbele, ukarudi, ukaenda tena. Akainuka polepole, akanitazama, nami nikamtazama. Hakuniuliza kitu. Angeuliza ingembidi aseme kile kitu kimetoka wapi. Mimi sikusema kitu. Ningesema ingenibidi nikiri nimepekua. Tukala ugali na sukuma wiki, watoto wakituangalia kwa zamu.

Usiku huo huo niliweka ahadi moyoni. Nikimshika kwa macho yangu mawili, si kwa maneno ya watu, nafunga mizigo, nachukua watoto, naenda kwa mama yangu Machakos na sirudi. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Kufikia Jumamosi nilikuwa nimeshachagua masanduku.

Jumamosi hiyo aliamka mapema. Alipiga viatu rangi, akavaa shati jeupe la sikukuu. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akafumba macho, kidole gotini, akatabasamu mara nyingi kuliko siku zote. Nilisimama nyuma ya pazia lililogawa chumba, nikahesabu ishirini na tano. Kisha akasimama akasema, "Leo nitachelewa kidogo, mama watoto." Sauti yake ilikuwa na mtetemo. Nilimjibu, "Haya, baba," kwa upole uliotosha kumshtua mtu mwenye akili.

Nilipotoka nje, mlango wa mjane ulikuwa na kufuli. Na beseni la bluu halikuwa kwenye msumari.

Nilipeleka watoto kwa dada yangu aliyeishi mistari miwili ya nyumba kutoka kwetu. Nikajifunga kitambaa changu cha chama cha akina mama kanisani, chenye rangi ya chungwa, kwa sababu nilitaka nikimshika niwe nimevaa kitu cha heshima. Nikaenda.

Klabu niliijua kwa jina la barabara tu. Nilipofika getini, nilisikia milio ya bunduki ndani. Askari wa lango, kijana mwenye kofia iliyompwaya, alinizuia.

"Sasa mathe. Unataka nani?"

"Nataka yule anayekata nyasi. Mrefu, ana kovu kidevuni."

"Ah, huyo! Leo hakati nyasi. Leo ni siku ya wafanyakazi, wako huko nyuma wanalenga. Mabibi za wasee wote walikuja asubuhi. We ni wa nani?"

Mabibi wote walikuja asubuhi. Maneno hayo yaliniingia vibaya. Kumbe kulikuwa na siku ya kuleta wake, na wangu alikuwa ameniaga kwa "nitachelewa kidogo". Kama mke hakuletwa, basi ameletwa nani? Nilijibu, "Mimi ni dada yake," nikapita.

Nyuma ya jengo kulikuwa na uwanja mpana wa nyasi, hema moja, masufuria ya pilau, kreti za soda, na wanawake wamekaa kwenye viti vya plastiki nyuma ya kamba. Mbele yao wanaume watano walikuwa wamesimama mstari mmoja, kila mmoja na bunduki, wakilenga mmoja baada ya mwingine. Wa nne alikuwa wangu. Sikuwa nimewahi kumwona na bunduki. Niliketi kwenye nyasi kandokando, karibu na mwanamume mmoja aliyevaa ovaroli na bandeji kiganjani.

"Huyo wa nne ni nani?" nikamuuliza, kama mtu asiyejua.

"Huyo? Huyo ni mwenzangu wa shimoni. Manze leo ako juu. Akipata ishirini anatoka kwa shimo, anakuwa msaidizi wa mwalimu. Na unajua hana bunduki ya kufanya mazoezi? Anasema anafanya kwa kichwa. Anakaa kwake jioni anafunga macho, anavunja vyote ishirini na tano. Akikosa kimoja anaanza tena."

Nilimsikia. Maneno yote yalinifikia, na bado yalichukua muda kushuka.

Zamu ilifika kwa mume wangu. Kabla ya kuinua bunduki alitazama uwanja kwa macho yale yale yaliyolegea, ya ukutani. Pumzi moja, nusu yake ikatoka. Bunduki ikapanda na kukaa shavuni, mahali ambapo mpini wa ufagio ulikuwa umepazoea. Akaita, ishara ya kurusha. Kisahani cha rangi ya chungwa kikaruka kutoka ardhini, macho yakakimbia yakakishika, na kikawa vumbi jeusi. Niliijua kazi ile. Nami kabla ya kutia jicho humtazama swala muda mrefu bila kumgusa, mpaka nione nukta ilipo hata kabla haijakuwepo, ndipo waya unashuka. Miaka yote nilidhani mimi ndiye pekee nyumbani kwetu mwenye kazi ya macho.

"Kumi na nane," akasema yule wa bandeji. "Vishafika ishirini vilivyorushwa, amevunja kumi na nane. Anataka viwili tu kwa vitano vilivyobaki. Sasa wanahama kituo cha mwisho."

Hapo ningekaa. Kila kitu nilikuwa nimeshaambiwa na nimeshakiona, na nilichotakiwa ni kukaa tu kwenye nyasi. Lakini mwanamke mmoja kwenye ukingo wa hema alisimama, amenipa mgongo, akapiga kigelegele kirefu. Alikuwa amejifunga leso ya bluu.

Damu ilinichemka upya yote. Nikasema moyoni, bunduki ni kweli na shimo ni kweli, na huyu pia ni kweli. Nilisimama, nikatembea haraka kando ya kamba kwenda kumwona uso. Nilipita uwanjani kote, kitambaa cha rangi ya chungwa kichwani, mbele ya mtu ambaye kwa wiki sita alikuwa ameyafunza macho yake kukimbilia kitu cha rangi hiyo kinachopita.

Alikuwa anahama kituo, bunduki imefunguliwa juu ya mkono. Akageuza kichwa. Akaniona.

Mimi sikumtazama yeye. Nilikuwa namtazama mwenye leso. Alikuwa mama mtu mzima, mvi zimemjaa, sijawahi kumwona maishani, na kigelegele alikuwa akimpigia mwanawe aliyesimama kituo cha kwanza. Nilibaki nimesimama mbele yake kama niliyepotea njia. "Karibu kiti, binti yangu," akaniambia.

Nikageuka. Kisahani cha ishirini na moja kikaruka, na bunduki ya mume wangu ikachelewa. Kikaenda kutua kizima kwenye nyasi. Cha ishirini na mbili akapiga nyuma yake, kikapita. Cha ishirini na tatu aliita huku macho yake yakiwa bado upande wangu, nacho kikampita. "Huyu amepatwa na nini?" mtu akauliza hemani. Cha ishirini na nne kilivunjika, na watu wakapiga makofi. Kimebaki kimoja, na anakihitaji hicho hicho. Nilishika kamba kwa mikono miwili. Kilipaa, kikainama kushoto, kikashuka polepole mpaka chini bila hata kuguswa.

Kumi na tisa.

Hakungoja kusomewa. Alimpa mkufunzi bunduki, akaja upande wangu akitembea, kisha akakimbia. Uso wake sikuwahi kuuona vile, isipokuwa zile mara mbili za zahanati.

"Nani mgonjwa?" akauliza. Alinishika mabega. "Ni kifua cha mtoto? Yuko wapi? Umemwacha na nani?"

Ndivyo nilivyojua kilichomkosesha. Aliniona, na kichwani mwake hapakuwa na sababu nyingine ya kuniona pale. Mke wake asingeacha kazi na watoto avuke mji mzima isipokuwa kwa msiba. Halikumpitia hata kidogo wazo kwamba nimekuja kumshika.

"Hakuna mgonjwa," nikasema. "Watoto wazima, wako kwa dada." Alikuwa bado ananitazama, anangoja. Nikasema, "Nilikuja kukuona ukilenga."

Alikaa chini kwenye nyasi pale pale. Akafuta macho kwa mkono wa shati jeupe, akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyerudishiwa kitu. "Ulijuaje?"

"Niliuliza watu."

"Ukaja kunitazama mimi," akasema. Aliyarudia maneno hayo. Kisha akanishika mkono, akanipeleka hemani, akaniweka mbele ya kila mtu, mkufunzi hata wapishi. "Huyu ndiye mama watoto. Amekuja peke yake kunitazama." Wakanipa pilau. Nilikula.

Tukirudi nyumbani alinieleza yote, sasa kwa kuwa nilikuwa nimeona. Alieleza ukuta, na ufagio, na beseni, akacheka jinsi mjane alivyodhani ana kichaa. Alisema mkufunzi alimpa kisahani kimoja akizoee, ajifunze kuuona ukingo wake, lakini kilipotea chini ya kitanda, pengine panya walikiburura. "Sikukualika," akasema, "kwa sababu niliogopa. Mwalimu anasema jicho lina tabia ya kukimbilia kile linachopenda kutazama. Nilijua ukiwepo litakutafuta." Nilitazama viatu vyangu njia nzima.

Mjane alirudi saa kumi na moja jioni, beseni la bluu kichwani. Alikuwa amekwenda kupika kwenye harusi Makadara. Lilikuwa na mabaki ya nyama na wali, akatugawia tukala.

Nafasi alipewa mtu wa jikoni. Mwaka uliofuata haikutangazwa nyingine. Mume wangu alikaa shimoni miaka minne zaidi, mpaka sikio la kushoto likafa kabisa na la kulia likabaki na nusu. Sasa ni mzee, na hadithi anayoipenda kuliko zote ni ya siku hiyo. Wajukuu wakimuuliza, "Babu, mbona ulikosa na kilibaki kimoja tu?" huwajibu, "Nilidhani kuna mgonjwa nyumbani. Kumbe bibi yenu alikuja kwa mapenzi tu. Kazi niliikosa, lakini nilimwona." Kisha hunigeukia nithibitishe.

Mimi hukaa upande wake wa kulia, upande anaosikia, kwa hiyo ningesema angenisikia. Huwa namwongezea chai.